Nyongeza ya Chumba Melini: Kipi Kilipiwe Kwanza

Msafiri wa Kisumu, Nakuru au Kakamega anayejiandaa kwa safari ya meli ya utalii huwa amekwisha kulipia ndege hadi Nairobi, na kutoka hapo hadi Durban, Barcelona au Miami, kabla kampuni ya meli haijamwandikia kumweleza kwamba anaweza kuhamia chumba cha daraja la juu kwa kuongeza kiasi fulani. Wengi wanaoniuliza kuhusu nyongeza hiyo ni walimu waliostaafu, wanachama wa sako waliosafiri kwa mpango wa kikundi, na wazazi walioalikwa na watoto wao walio ng'ambo. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka, na jambo hilo limeifanya Durban kuwa mlango mwepesi kwa anayepanda meli ya utalii kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mifano yangu mingi itatoka huko.

Kwanza hesabu iwekwe sawa. Bei ya nyongeza hutangazwa kwa kila mtu, na chumba huhesabiwa kuwa na watu wawili. Tuseme umeandikiwa dola 90 kwa safari ya usiku tatu: mume na mke watalipa dola 180, yaani dola 60 kwa kila usiku, na ni kiasi hicho cha mwisho kinachopaswa kupimwa. Anayesafiri peke yake aulize mapema, kwa kuwa mara nyingi hutozwa nauli ya watu wawili na nyongeza ya watu wawili pia.

Katika orodha yangu, nafasi ya kwanza naipa nyongeza ambayo wasafiri wengi huipuuza: ile ya kuchagua mahali chumba kilipo, bila kubadilisha daraja lake. Nauli za chini kabisa humwachia mwenye meli uamuzi wa kukupa chumba chochote kilichobaki katika daraja ulilolipia. Kampuni ya MSC, kwa mfano, ambayo meli zake huondoka Durban katika msimu wa kiangazi cha kusini, huiita nauli ya namna hiyo Bella, na anayetaka kuchagua mahali hupanda hadi Fantastica. Tofauti hii ina uzito kwa sababu meli huyumba kidogo zaidi katikati na chini, ilhali omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, hupanda na kushuka, na sitaha (ghorofa za meli) za juu huinama zaidi kila upande. Pwani ya Durban hupitiwa na mkondo wa Agulhas unaoelekea kusini-magharibi kwa nguvu, na upepo wa kusini-magharibi unapokutana nao uso kwa uso, mawimbi huwa marefu na yenye kingo kali. Aliyewahi kupatwa na kichefuchefu akivuka kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita wakati upepo wa alasiri umeamka ziwani asidanganywe na ukubwa wa meli. Achukue chumba cha katikati, sitaha ya chini, hata kama hakina dirisha.

Ramani ya sitaha isomwe kwa makini kabla ya kulipa. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vingine juu yake na chini yake. Kilicho chini ya bwawa la kuogelea kitakuamsha alfajiri viti vinapoburutwa, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakitakulaza mapema. Chumba chenye mlango wa kuunganisha na cha jirani hupitisha sauti, na hufaa tu kama jirani huyo ni mwanao na wajukuu. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, vyumba vichache kutoka kwenye lifti ni bora kuliko mkabala nayo, ambako watu husimama na kuongea hadi usiku wa manane.

Nafasi ya pili ni roshani, ila kwa safari ndefu au yenye mandhari ya kutazama kutoka melini. Katika mifereji ya bahari ya Norway au pwani ya Alaska, ambako milima na barafu hupita taratibu kwa saa nyingi, kukaa nje ya chumba chako mwenyewe na kikombe cha chai ni sehemu kubwa ya kile ulichofuata, nami sisiti kumshauri mtu ajinyime kwingine ili aipate. Kwa safari fupi ya Durban hadi Portuguese Island nchini Msumbiji na kurudi, sishauri hivyo. Siku moja utakuwa kisiwani, jioni utakuwa kwenye chakula na maonyesho, na muda wa kuikalia roshani hiyo utakuwa mchache mno kwa bei yake. Jihadhari pia na roshani zilizoandikwa kuwa mandhari yake yamezibwa: mara nyingi mbele yake zimening'inia mashua za kuokolea watu.

Chumba cha dirisha lisilofunguka nakiweka cha tatu, na ningekinunua tu kama tofauti ni ndogo sana au msafiri haviwezi kabisa vyumba vilivyofungwa. Mama mmoja kutoka Vihiga, mwalimu mstaafu, aliniuliza kuhusu chumba cha ndani, kisicho na dirisha: "Mwanangu, nitajuaje kumekucha?" Nilimweleza, "Mama, washa runinga uitoe sauti. Meli nyingi zina chaneli ya kamera ya mbele, kukipambazuka utaona." Giza la chumba cha ndani ni zito kweli, na kwa mtu anayeamka usiku mara kadhaa ni hatari ya kujikwaa, kwa hiyo taa ya bafuni iachwe ikiwaka na mlango wake ufunguliwe kidogo. Akikubali masharti hayo madogo, fedha za dirisha zitamfaa zaidi kwa matembezi ya nchi kavu.

Vyumba vya kifahari vinakuja mwisho kwa wengi wetu. Sehemu kama Yacht Club ya MSC, katika meli zilizo nayo, ina mkahawa wake, mhudumu wake na vinywaji ndani ya bei, na hesabu hiyo inaweza kumfaa anayekunywa na kula huko kila siku. Hata hivyo, baadhi ya kampuni hutoza bahashishi kubwa zaidi ya kila siku kwa wageni wa vyumba hivi, na gharama hiyo huongezeka juu ya nyongeza uliyokwisha kulipa.

Siku hizi kampuni kadhaa, ikiwemo Royal Caribbean, hukaribisha dau: unataja kiasi, nao wanakubali au wanakataa, wakati mwingine siku chache tu kabla ya safari. Dau likikubaliwa kadi hukatwa papo hapo bila kuulizwa tena, fedha hazirudishwi, na huchagui mahali pa chumba kipya. Aliyekwisha kulipia chumba cha katikati kwa sababu ya kichefuchefu asipeleke dau hata kidogo, maana anaweza kupewa roshani iliyo omoni kabisa. Wengine waanze na kiwango cha chini kinachokubalika, na anayetumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa atenge salio hilo mapema. Kwa kawaida dau linaweza kupunguzwa au kuondolewa kabla halijajibiwa, kwa hiyo likaguliwe upya kabla ya kuondoka nyumbani, wakati gharama za hoteli na teksi za Durban zimekwisha kujulikana.