Mgawanyo wa mapato: utafiti wa kaya au takwimu za kodi?

Ukitaka kujua nani anapata kiasi gani katika nchi, utakutana na njia mbili. Kwa gharama zinafanana: jedwali za utafiti wa kaya zilizokusanywa na Benki ya Dunia ni bure, na za World Inequality Database, inayotegemea sana kumbukumbu za kodi, nazo ni bure.

Tofauti kubwa iko kwenye kuaminika. Mdadisi anapobisha hodi, mkulima humjibu. Tajiri mara nyingi hapatikani, au hutaja pungufu. Kwa hiyo utafiti huwaona vizuri watu wa chini na wa kati, lakini kilele hukipunguza. Kodi ni kinyume chake: asilimia 1 ya juu huonekana wazi, ila asiyewasilisha ritani (fomu ya kutangaza mapato kwa mamlaka ya kodi) hayumo kabisa, na anayekwepa hupotea pia.

Tafadhali soma maelezo chini ya jedwali. Nchi nyingi hupima matumizi badala ya mapato, na Gini (kipimo cha ukosefu wa usawa) ya matumizi kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya mapato. Kuzilinganisha moja kwa moja ni kosa ninaloliona kila mara, na linaniuma.

Kwa upya wa takwimu, kodi hushinda: hukusanywa kila mwaka, utafiti katika nchi nyingi husubiri miaka kadhaa. Unaandika kuhusu umaskini? Anza na kaya. Kuhusu matajiri? Kodi.