Canon EOS R6 na lenzi ya 50mm: kamera ya kupigia ndoa msikitini

Napiga picha za ndoa hapa Tanga, nyingi baada ya Isha. Shekhe anapomshika bwana harusi mkono na kumtamkisha "nimekubali kumuoa", msikiti mzima unanyamaza. Kuwasha flashi pale ni kuwakosea adabu wazee na kuiharibu shughuli ya watu.

Ndiyo maana naipenda R6. Ukiweka shata ya elektroniki, yaani kamera inapiga bila pazia lake la ndani kufunguka na kufunga, shata haitoi mlio wowote. Zima na ile taa ndogo ya kusaidia fokasi, maana inamulika watu usoni. Megapikseli zake ni 20 tu, lakini kwa ISO 6400, yaani kamera ikiongezewa wepesi wa kuona kwenye mwanga hafifu, kanzu inabaki nyeupe na chengachenga kwenye picha ni chache. Albamu inachapika vizuri kabisa.

Lenzi yangu ni RF 50mm f/1.8, gramu 160, ndogo hata wazee hawaitupii jicho. Kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, uso wa bwana harusi unatoka safi, shekhe anakuwa ukungu. Nikiwataka wote wawili nalifunga kidogo hadi f/2.8.

Cha kuangalia sana ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tyubu na LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Piga kwa kasi ya 1/250 ya sekunde na shata hiyo ya elektroniki, utakuta michirizi myeusi imekatiza kanzu. Weka 1/100, au 1/50 watu wakiwa wametulia, na kwa kawaida inaondoka.

Mpya ni ghali. Ilitoka 2020, kwa hiyo tafuta iliyotumika. Mimi naiona inatosha.