Bildi ya pakeji imegoma: urekebishe hapohapo au ujenge kwenye chroot safi?

Hili swali haliishi. Pakeji inagoma kubildi (kujengwa kutoka kwenye sosi kodi), mmoja anakwambia pambana nayo hapohapo kwenye mashine yako, mwingine anakwambia tumia chroot safi, yaani mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine yako, zile zinazotengenezwa na tuls kama sbuild au pbuilder kwa watu wa Debian, na wote wana hoja.

Kwa haraka, hapohapo inashinda. Unapandisha logi mpaka eror ya kwanza, sio ile ya mwisho ya "make: *** [all] Error 2" ambayo haikwambii kitu, unakuta "fatal error: zlib.h: No such file or directory", basi unaweka pakeji yenye hilo faili, kwa Debian ni zlib1g-dev, kwa Fedora ni zlib-devel, unapiga make (amri ya kubildi) tena na faili zilizokwisha kukompailiwa hazianzi upya.

Ila kwenye uhakika, aisee, mashine yako inadanganya. Ile laibrari uliyoitupia /usr/local mwaka juzi ukaisahau ndiyo inayobeba bildi yako, kwa mwenzio inakufa. Chroot haina hayo, inaanza na vitu vya msingi halafu inaongeza vilivyoandikwa kwenye Build-Depends (orodha ya pakeji inayosema inahitaji nini ili ibildi), ulichosahau kinajianika chenyewe.

Gharama yake ni diski na intaneti, na usipoiapdeti nayo inachakaa.

Unataka programu iwake leo tu? Hapohapo. Pakeji unawagawia watu? Chroot, hata kama inakera. Mimi kosa nalitafuta hapohapo, nikishalipata ndo nathibitisha kwenye chroot.