CH341A nyeusi kwa redio za DMR: kifaa kizuri, ila usikitumie kama kilivyotoka dukani

Kwa fundi wa redio za upepo za kidijitali (DMR), bodi ndogo nyeusi ya CH341A, inayochomekwa kwenye USB ya kompyuta, ni njia rahisi ya kusoma na kuandika aisi ya kumbukumbu. Tuchukue redio ya TYT MD-380: chaneli na mipangilio yake hukaa kwenye aisi ya Winbond W25Q128FV ya MB 16, yenye miguu minane.

Kasoro kubwa ni umeme. Mguu wa VCC (wa umeme) wa aisi ya kumbukumbu unapata 3.3 V, lakini mistari ya data inatoka na 5 V, maana aisi ya CH341A iliyo kwenye bodi inalishwa moja kwa moja na USB. Winbond hairuhusu mguu wowote uzidi VCC kwa zaidi ya 0.4 V. Aisi nyingi huvumilia, na hapo ndipo mafundi wanapodanganyika. Dawa yake: nyanyua mguu wa 28 wa CH341A, uulishe kutoka tokeo la AMS1117-3.3 (kidhibiti cha volti kilicho kwenye bodi), kisha unganisha mguu wa 9 hapohapo. Hakikisha kwa mita kabla ya kuweka aisi yoyote. Kama aisi ni ya 1.8 V, hata marekebisho haya hayatoshi. Inahitaji adapta yake.

Klipu inayokuja na seti, ya kubana aisi bila kuing'oa, haifikii ubora wa bodi. Inateleza, na ikishika inapeleka umeme kwenye redio nzima: prosesa inaamka na kugombea mistari ileile, nawe unasoma takataka. Ondoa betri, tia flaksi, ing'oe aisi kwa hewa ya moto na uisomee kwenye soketi. Kitambulisho sahihi ni EF 40 18. Halafu, kwa programu ya flashrom kwenye kompyuta:

flashrom -p ch341a_spi -r moja.bin

Soma mara mbili, ulinganishe. Kila faili liwe na baiti 16,777,216 kamili. Yakitofautiana, usiandike chochote.

Sasa mtego wenyewe. Vipimo vya kiwandani vya MD-380 (masafa, nguvu ya kurusha) haviko kwenye hizo MB 16. Viko kwenye rejista za usalama za aisi (vihifadhi vidogo vilivyotengwa na kumbukumbu kuu), tatu za baiti 256 kila moja, na flashrom hapo juu haizigusi. Ukihamishia nakala yako kwenye aisi mpya, redio itawaka vizuri na chaneli zote zitaonekana, ila itarusha nje ya vipimo. Rejista husomwa kwa amri 48h, anwani ya baiti tatu kuanzia 001000h, na baiti moja tupu kabla ya data. Zichukue kabla aisi ya zamani haijatupwa.

Na kabla ya kuwasha hewa ya moto, jaribu kushika PTT (kitufe cha kurushia) na kitufe kilicho juu yake huku ukiwasha redio. Taa ikimweta nyekundu na kijani, anza na kurudisha programu ya prosesa kwa kebo. Huenda aisi haina kosa.

Kwa bodi iliyorekebishwa, alama nne kati ya tano. Kwa klipu, moja.