Bastola ya nyumbani: risasi ya kichwa kizima au ya tundu?

Kwa wenye leseni hapa Tabora mjadala huu haukomi. Nazungumzia risasi za 9mm, yaani zenye kipenyo cha milimita tisa. Ya kichwa kizima imevikwa metali na haina shimo kwenye ncha; ya tundu ina shimo kwenye ncha.

Kwa bei, kichwa kizima kinashinda wazi, na unafuu huo ndio unaokuwezesha kufanya mazoezi.

Uzito uko kwa waliomo ndani. Kichwa kizima hakipanuki, hivyo kinaweza kumpita mtu na kuendelea. Fikiria nyumba za kupanga za Ng'ambo au Isevya, milango ikitazamana kwenye korido moja: nyuma ya mlango ule wa ubao kalala mtoto wa jirani. Ya tundu hupanuka ikiingia mwilini na kupoteza nguvu upesi. Lakini ukikosa shabaha, nayo hutoboa mlango na dari vilevile. Asikudanganye mtu.

Kwa kutokwama, kichwa kizima, chenye ncha ya mviringo, huingia chemba (sehemu ya bastola inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) kwa ulaini. Bastola nyingine za zamani huikataa ya tundu. Matunzo hayatofautiani sana: pakavu, hasa masika. Ila usirudishe chemba risasi ileile kila siku. Kichwa husukumwa ndani ya ganda, na presha ya gesi hupanda ukifyatua.

Mwenye bastola ya zamani na nyumba iliyojitenga, kichwa kizima kinamfaa. Anayeishi na wapangaji, mimi ningemwelekeza kwenye tundu, kama bastola yake inaipokea. Kabla ya kununua, muulize ofisa wa polisi anayeshughulikia silaha unachoruhusiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.