Maji ya kwenye basi yamekwenda wapi? Nimepima huduma ndogondogo za safari ya Mtwara–Dar

Chupa hii mnayoiona mkononi mwangu ni ya nusu lita, na leo ndiyo bidhaa ninayoichambua. Mmezoea kuniona hapa na jiko la gesi, na pasi, na lile kaango lililobanduka wiki mbili tu tangu nilinunue. Leo mezani kuna chupa ya maji, pakiti ya biskuti, pipi mbili na tiketi ya basi. Asalaam aleikum, habari za saa hizi, karibuni nyumbani kwangu Mikindani. Kama mko njiani kuelekea kusini mkinisikiliza kwenye simu, basi haya yanawahusu hapo hapo mlipokaa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki Dar es Salaam mara mbili. Kwenda na kurudi, safari nne. Nilipanda mabasi ya kampuni mbili, yote daraja la kati. Majina sitayataja, maana nikitaja mtadhani ugonjwa ni wa hao wawili tu. Nitasema basi la kwanza na basi la pili, mtanielewa.

Nianze na zamani kidogo, kwa ajili ya wadogo zetu ambao hawakuikuta. Ukitoka Mbagala, basi likishaipita Mkuranga na watu wametulia, mhudumu alikuwa anasimama na boksi. Anaanza mbele anakwenda nyuma. Soda, biskuti, pipi. Maji yanafuata baadaye. Mkishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji anapita tena na mfuko mweusi kukusanya takataka, na anakuuliza kama kiyoyozi kinakuumiza. Mtoto wa kike wa miaka ishirini na kitu, sare yake imepigwa pasi, anamwamkia kila mzee shikamoo, siti kwa siti. Mama yangu mpaka leo anazikumbuka zile shikamoo kuliko soda.

Sasa basi la kwanza. Tulitoka stendi ya Mkanaledi jioni. Mnajua tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24, na mimi nilichagua usiku ili mama asipigwe na jua. Siti nzuri, nasema kweli. Inalala vizuri, miguu inapata nafasi, sehemu ya kuchaji simu inafanya kazi. Kiyoyozi kizuri pia. Kwa hayo sina neno.

Saa tatu usiku mama anatakiwa anywe dawa ya presha. Tumeshaipita Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, nje giza tupu. Nikamwita kondakta, nikamwomba maji. Akanijibu kwa upole, simlaumu yule kijana: "Dada, siku hizi maji hatugawi. Yapo ya kununua, elfu moja." Akaninyooshea mkono kwenye friji ndogo iliyo pale kwa dereva. Nikatoa noti ya elfu kumi, hana chenji. Mama ameshika kidonge kiganjani, anasubiri. Mama mmoja wa siti ya nyuma yetu, anashukia Kibiti, ndiye aliyetupa maji yake mwenyewe. Nilimshukuru mbele ya watu, na namshukuru tena hapa.

Nataka mlione hili vizuri. Maji hayajaondolewa kwenye basi. Maji yapo, tena ya baridi. Kilichobadilika ni kwamba yamehama kutoka kwenye boksi la mhudumu yakaingia kwenye friji ya biashara. Wewe nauli yako ni ile ile, na hakuna aliyekwambia dirishani wakati unalipa.

Nikarudi nyumbani nimekereka, nikampigia mdogo wangu wa kiume. Huyu amefanya miaka mitatu kwenye meli kubwa ya kitalii, mhudumu wa vyumba. Wale watalii mnaowaona wakishushwa kwa boti ndogo pale Kilwa Kisiwani, wanakwenda kuangalia Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, wanatoka kwenye meli za namna hiyo, japo zinazofika kwetu ni ndogo kuliko ile aliyofanyia yeye. Nilidhani atanicheka, mtu wa meli zenye mabwawa ya kuogelea ananisikiliza nalalamikia maji ya basi. Akaniambia, "Dada, hilo jambo na kwetu lipo vile vile."

Akanieleza. Zamani mhudumu alikuwa anaingia chumbani kwa mgeni mara mbili kwa siku. Asubuhi anatandika kitanda, anasafisha choo na bafu, anabadilisha mataulo. Jioni mgeni akiwa anakula, mhudumu anarudi: anakunjua shuka upande mmoja, anafunga pazia, anaacha chokoleti juu ya mto na karatasi ya ratiba ya kesho. Na taulo analikunja linakuwa tembo, au nyani anamning'iniza kwenye hanga. Watoto wanapiga picha na yule tembo.

Kisha kampuni zikaanza kupunguza. Hili si siri, lilitangazwa: mwaka 2023 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliamua vyumba vya kawaida visafishwe mara moja tu kwa siku, wa vyumba vya kifahari wakabaki na mara mbili. Na Januari ya mwaka huo huo wakapandisha ada ya huduma, yaani ile bakshishi inayoongezwa moja kwa moja kwenye bili, ikawa dola 20 kwa kila mtu kwa siku kwa vyumba hivyo hivyo vya kawaida. Royal Caribbean nao wakaenda kwenye mara moja. Hao Royal Caribbean walikuwa wameshaanza tangu 2017 kutoza dola 7.95 ukiagiza chakula kiletwe chumbani, kitu ambacho kwa miaka kilikuwa ndani ya bei, kasoro usiku wa manane tu. Hebu ilinganisheni na ile friji ya maji pale kwa dereva.

Nikamuuliza, sasa nyie wahudumu si mkapumzika, kazi imepungua nusu? Akasema hapana. Ukiingia mara moja tu kwa siku, unaongezewa vyumba. Na chumba ambacho hakikuguswa saa 24 ni kichafu zaidi, kinakula muda zaidi. Yule tembo wa taulo alikuwa anamchukua dakika moja, lakini ndiye aliyemfanya mgeni ajue jina lake. Watu wanaofanya kazi ile wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, wako mbali na kwao miezi na miezi, na mgeni akikujua jina unajisikia mtu.

Nilinyamaza kidogo pale, kwa sababu niligundua kwenye basi la kwanza sikumwona mhudumu hata mmoja. Alikuwepo kondakta peke yake. Yeye ndiye anakagua tiketi, yeye anashusha mizigo, yeye anauza maji, yeye anafungua mlango Nangurukuru, yeye anamwamsha anayeshuka. Soda ilipoondoka iliondoka na yule binti wa sare. Ilikuwa ajira ile. Mabinti wangapi wa Masasi, wa Newala, wa Lindi walianzia kazi pale?

Sasa twende kwenye hesabu, maana najua kuna watakaosema "dada, hivyo vilikuwa vya bure, mtu akiacha kukupa cha bure usilie." Hapa ndipo mnaponiudhi, naomba mnisikilize.

Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini. Viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 kwa barabara ya lami vilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Tofauti yake ni shilingi 19.37 kwa kila kilomita. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Zidisha. Ni zaidi ya shilingi elfu kumi juu, unalipa wewe, kwa kupanda basi la daraja la kati badala ya la kawaida. Elfu kumi ile inalipia siti, sawa, inalipia kiyoyozi, sawa. Na ilikuwa inalipia boksi la yule binti. Hakuna bure yoyote pale. Tuliinunua.

Na gharama yake ni kiasi gani? Jana nimekwenda Soko Kuu nikanunua katoni hii, chupa 12 za nusu lita, shilingi 4,000. Chupa moja inatoka kama 333. Basi la abiria 50, kila mtu chupa moja, haifiki elfu 17. Kwa hiyo kuwanywesha maji basi zima kwa safari nzima ni chini ya nusu ya nauli ya siti moja. Biskuti na soda nakubali zinapandisha hesabu. Mimi sizililii soda. Nalilia maji na nalilia mtu wa kuyapitisha.

Nisiwaonee wenye mabasi. Nilizungumza na mzee mmoja mwenye gari mbili za njia hii, akaniambia dizeli imepanda, na nauli hawezi kuipandisha anavyotaka, kikomo ni kikomo. Barabara nayo mnaijua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika kule Somanga, magari yakakwama, abiria wakalala njiani. Hasara ile mwenye gari aliibeba. Namwelewa. Lakini usiku ule wa Somanga, mzee wangu, abiria wako alihitaji nini kuliko chupa ya maji?

Basi la pili. Siti zake zimechoka, nawaambia kabisa, ya kwangu ilikuwa hailali. Kichaji kimekufa. Lakini tulivyofika karibu na njia panda ya Lindi mhudumu akasimama. Akamfikia mama, akapiga goti kidogo pale kwenye ujia, "Shikamoo bibi, umekaa vizuri? Maji haya." Chupa ndogo, ndogo kuliko hii niliyoshika. Hakuna biskuti wala pipi. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Kurudi, maji yaliishia siti za katikati, wa nyuma hawakupata, na hilo ni kosa: kama unagawa, hesabu watu kwanza. Ila mhudumu alikwenda mpaka nyuma akawaomba radhi kwa mdomo wake. Hakukaa mbele akajifanya haoni.

Alama zangu, basi la kwanza nalipatia 5 kati ya 10. Zote tano ni za siti na ubaridi. Basi la pili nalipatia 7, pamoja na siti ile mbovu. Mama nilipomuuliza tupande lipi tena alinijibu kabla sijamaliza swali.

Pwani yetu hii haikujifunza ukarimu jana. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, na akaeleza jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa mwilini, na akapewa. Basi linalopita Nangurukuru linapita jirani kabisa na Kilwa hiyo. Nikikaa pale dirishani nikiona kibao cha Kilwa Masoko, halafu namwona mama yangu na kidonge mkononi, inaniuma, na sitaona haya kusema inaniuma.

Ninachowaomba wenye mabasi ni kidogo. Kama hamgawi tena maji, semeni dirishani kabla hela haijatoka mfukoni. Andikeni kwenye tiketi. Hii hapa tiketi yangu, angalieni, ina namba ya siti, ina nauli, ina saa ya kuondoka, ina onyo la mizigo. Haina neno moja kuhusu utakachopata ndani. Na kama biskuti za kiwandani ni ghali, pale Mnazi Mmoja kina mama wanauza korosho za kukaanga kwenye vipakiti. Ongeeni nao, nunueni kwa jumla. Abiria atakula korosho ya kwao, na mama wa pale atauza kabla jua halijamchoma.

Nanyi abiria, mkikata tiketi ulizeni maswali mawili: maji yapo? Mhudumu yupo? Mimi nimeanza kuuliza. Kwenye ofisi tatu nilizopita juzi, karani wa kwanza alinitazama kama namchelewesha. Wa pili akasema "yapo" bila kuinua macho. Wa tatu, binti mdogo, akasema, "Dada, maji tunatoa chupa moja moja, biskuti hatuna tena, mhudumu yupo ila safari ya usiku tu." Nikalipa pale pale.

Jumamosi tunaondoka na mama na basi hilo. Nimekata siti za nyuma kabisa kwa makusudi, na chupa yetu ya akiba ipo kwenye kikapu. Nikirudi nitawaonyesha kama maji yalifika mpaka kule.