Usiku wa mieleka Kirumba: mechi ni zenyewe, mkasi ndio umezidi

Kila Jumatatu, siku ambayo mpira huwa haba, banda umiza moja la Kirumba, Mwanza, upande wa kuelekea Mwaloni, huonesha mieleka kuanzia saa moja jioni. Kiingilio ni shilingi 1,000, mechi ni saba, na karatasi ya mlangoni imeandikwa kwa kalamu nene: MIELEKA BORA YA MUDA WOTE. Kwenye kuchagua, karatasi haidanganyi. Aliyepanga orodha ile mieleka anaijua. Kasoro iko kwenye mkasi. Ukizihesabu mechi zote saba kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, unapata karibu dakika 160. Banda linazimaliza kwa dakika 115. Hizo 45 zimeliwa, na nyingi zimeliwa mwanzoni mwa mechi, pale ambapo mgeni wa mieleka anadhani jamaa bado wanatafutana tu.

Chukua Bret Hart na Steve Austin, 23 Machi 1997, WrestleMania 13 (onesho kubwa la mwaka la mieleka ya Marekani), Rosemont nje kidogo ya Chicago. Ni mechi ya kujisalimisha: hakuna kubana mabega chini hadi refa ahesabu tatu, anayeshindwa ni anayesema basi. Refa siku hiyo ni Ken Shamrock, mtu aliyetoka kwenye mapigano ya kweli. Mechi ina dakika 22, banda linatoa 15. Kilichotupwa ni vurugu za kupigana katikati ya watazamaji, ambazo mtu anaweza kuzisamehe, na pamoja nazo kazi ya Bret kwenye goti la Austin, ambayo haisameheki. Bret anamburuta hadi kwenye nguzo ya kona, anaizungusha miguu ya mwenzake kwenye chuma, anaikunja na kujiachia chini, ananing'inia kichwa kikielekea sakafuni. Goti linasagwa taratibu. Hilo ni deni, na linalipwa mwishoni Bret anapomfunga Sharpshooter: miguu imekunjwa, mtu amegeuzwa kifudifudi, mwenzake amemkalia mgongoni. Aliyeona goti linavyoteswa anajua kwa nini Austin hachomoki. Aliyeletewa mechi kuanzia dakika ya saba anaona mtu amekaliwa tu.

Damu inamjaa Austin uso mzima, anakaribia kufumua ule mkazo, unamrudia, anazimia bila kusema basi. Shamrock anasimamisha pambano. Bret anaendelea kumshambulia mtu aliyezimia hadi refa anamvuta. Austin aliyeingia kama adui anatoka kama steringi, Bret aliyeingia kama steringi anatoka akizomewa. Kuwageuza wawili kwa mpigo mmoja ni kazi ngumu kuliko zote kwenye mchezo huu, na hapa imefanyika bila neno moja la maelezo. Kwenye banda, benchi la mbele lilikuwa likiulizana "sasa mbaya nani?" Swali lenyewe ni sahihi kabisa, ila hawakupewa zile dakika saba za kuwasaidia kulijibu.

Mkasi umefanya ubaya mkubwa zaidi kwa Undertaker na Shawn Michaels, Houston, 5 Aprili 2009. Mechi ina karibu dakika 31. Banda: 19. Undertaker anaingia akiwa hajawahi kushindwa WrestleMania, 16 kwa sifuri. Nusu ya kwanza imejengwa kwa kukosa: Michaels anaruka nje anakosa, Undertaker anajirusha juu ya kamba kama mtu wa kilo 70, Michaels anamvutia mpiga picha mbele, na Undertaker anatua vibaya kichwa kikitangulia. Watu wengi walidhani mambo yameishia hapo. Michaels anamharakisha refa ahesabu, maana zikifika kumi aliye nje kashindwa, na mzee anarudi ulingoni kwenye tisa. Banda limekiruka kipande hiki chote, linaanzia kwenye zile pigo kubwa za mwisho. Sasa, Michaels anapochomoka kwenye Tombstone, ile ya kumgeuza mtu kichwa chini na kupiga naye magoti, picha inaganda kwenye uso wa Undertaker, macho yamemtoka. Uso ule una maana kwa aliyekaa nao nusu saa. Kwa aliyekaa nao dakika kumi na mbili, ni uso. Mwisho wenyewe haujaguswa: Michaels anajirusha kinyumenyume kutoka juu ya kona, anadakwa hewani, Tombstone ya pili, refa anahesabu hadi tatu.

Kizimba cha Undertaker na Mankind, Pittsburgh, 28 Juni 1998, kimeachwa kizima, dakika zake 17, na sababu haihitaji kuulizwa. Ndicho kinachoingiza watu. Paa la kizimba liko kama mita tano juu. Mankind anatupwa kutoka pale hadi kwenye meza ya watangazaji, anarudi juu, halafu paa lenyewe linaachia chini yake. Lile la kwanza lilipangwa, la pili halikupangwa hivyo, na kiti kilichokuwa juu kilimfuata na kumpiga usoni. Baadaye zinakuja pini ndogo za kubandikia karatasi, maelfu, zimemwagwa ulingoni. Kosa la banda ni kuiweka ya kwanza. Baada ya mtu kudondoka mita tano, nani atashtuka mwingine akivutwa mkono? Iwekwe ya nne, kabla ya mapumziko, watu wakatoke nje wakaibishanie kwenye mihogo. Na watoto watolewe. Mlangoni wanakatiwa nusu kiingilio na hakuna anayeuliza umri.

Ya kufungulia ipo, nayo imewekwa ya tatu: Randy Savage na Ricky Steamboat, WrestleMania III, Pontiac, Michigan, 29 Machi 1987. Dakika 14 na nusu tu, haijakatwa, haina pumzi ya bure hata moja. Savage alikuwa na tabia ya kupanga kila hatua kabla, akaandika, akamkaririsha mwenzake, na matokeo yake ni mabega kubanwa na kuchomoka mara zaidi ya ishirini bila kugongana. Kitu kimoja kimekosekana. Novemba 1986 Savage alimuumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, hivyo kengele inapoonekana tena mwishoni, uwanja mzima unaijua. Kipande hicho cha kengele ya kwanza kina dakika chache. Kingetangulizwa, Savage anapoifuata kengele na George Steele, aliyekuwa upande wa Steamboat, anapomsukuma kutoka juu ya kamba, banda lingelipuka badala ya kucheka nywele za Steele.

Dijei anayetafsiri ana siku zake. Kwenye CM Punk na John Cena, Julai 2011, amefanya kazi nzuri kuliko tafsiri nyingi za muvi mjini hapa. Mechi hiyo ilipigwa Rosemont, jengo lilelile la Bret na Austin, lilikuwa limebadilishwa jina tu. Mkataba wa Punk ulikuwa unaisha usiku huo na angeweza kuondoka na mkanda wa ubingwa. Mwishoni Vince McMahon, bosi wa kampuni wakati ule, anakuja kuagiza kengele igongwe wakati Cena amemfunga Punk, na Punk hajasema basi. Dijei alisimamisha picha, akaeleza Montreal, Novemba 1997: bosi huyohuyo aligongesha kengele Bret Hart akiwa amefungwa Sharpshooter na Shawn Michaels, na Bret hakuwa amejisalimisha wala hakuambiwa. Sekunde arobaini, akaachia picha. Cena anapokwenda kuizuia kengele ile, kila mtu bandani alielewa anakataa nini, na kwa nini kukataa huko kunamgharimu mkanda. Ndivyo tafsiri inavyotakiwa. Laiti mechi yenyewe isingepunguzwa kutoka dakika 34 hadi 20.

Halafu mtu huyohuyo anaiua The Rock na Hulk Hogan. Toronto, 17 Machi 2002, watu 68,237 waliotangazwa. Kwa ufundi ni mechi ya kawaida, Hogan alikuwa na miaka 48 na anatembea kama mwenye miaka 48. Kinachotazamwa ni watu. Hogan ndiye adui kwenye hadithi, lakini Toronto wanamkataa The Rock tangu kengele inapogongwa, na wale wawili ulingoni wanasikiliza na kubadilisha mwendo wao kufuata kelele. Msukuma aliyewahi kwenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, hahitaji kuelezwa: makundi ya Bagalu na Bagika wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu. Sasa dijei ameshusha sauti ya uwanja hadi karibu na sifuri ili yeye asikike, na anaongea dakika zote 14 alizotuachia. Ni sawa na kuonesha ngoma umezima ngoma.

Picha. Mechi zote kabla ya 2008 hivi zilirekodiwa kwa umbo la karibu mraba, nne kwa tatu, na banda linazivuta zijaze ukuta. Steamboat anakuwa mnene, ulingo unakuwa kama jahazi. Tiba ni herufi moja: kwenye VLC, programu ya video wanayotumia, bonyeza A hadi isome 4:3. Mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akirusha mguu haraka huondoka kwa kubonyeza D. Mechi ya Houston sauti inatangulia picha, kofi linasikika kabla mkono haujafika. Hapo ni K, kila bonyezo linachelewesha sauti kwa milisekunde 50, na J kurudi. Nembo iliyofutwafutwa kwenye baadhi ya nakala za zamani si ubovu wa mashine. Kampuni ya mieleka hii, WWE ya leo, iliacha jina la WWF mwaka 2002 baada ya kushindwa kesi na mfuko wa wanyamapori wenye herufi hizohizo, na hadi 2012 nembo ile ilikuwa ikifichwa kwenye mikanda ya video ya zamani. Nakala zilizotolewa upya baada ya hapo ziko safi, zitafutwe hizo.

Banda lenyewe: mabenchi tisa, bati bila dari, feni mbili, moja inazunguka kwa hiari yake. Benchi la tatu, kushoto kwa projekta, ndilo la kukaa. Kulia spika inapiga sikioni na nyuma kuna nguzo. Jenereta iko nje upande wa ziwani, na umeme ukikatika inachukua dakika mbili kuwaka. Siku za mwezi mwandamo jihadhari na wale wadudu wadogo wa ziwani. Mwanga wa projekta unawaita kwa wingu, wanajaa kwenye lenzi, na ukutani Undertaker anaonekana kama amevaa koti la moshi (ambalo, kusema kweli, linampendeza). Mhudumu anapangusa kwa kitambaa kikavu. Aache, kinakwaruza kioo. Brashi laini ya rangi, na chandarua kwenye dirisha la upande ule, vingemaliza kazi.

Waliokosekana: hakuna Ric Flair na Steamboat wa 1989, hakuna Okada na Omega wa Tokyo, hakuna mechi hata moja ya wanawake ilhali Bayley na Sasha Banks wa Brooklyn, Agosti 2015, wangewapita wanne kati ya hawa. Bret Hart na British Bulldog, Wembley, 1992, nayo haipo. Ila kutoka usiku huohuo wa Wembley wameweka dakika mbili za Kamala, "jitu la Uganda", kama kichekesho cha katikati. Dijei alimtambulisha kuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Hapana. Kamala alikuwa James Harris wa Mississippi, na Uganda ilikuwa rangi aliyopakwa.

Ndiyo maana kufunga na Kofi Kingston ni uamuzi mzuri kuliko yote ya usiku ule. Mzaliwa wa Ghana, miaka ya mwanzo alitambulishwa kama Mjamaika, miaka kumi na moja ndani ya kampuni bila kuwahi kuwa bingwa mkuu, kisha 7 Aprili 2019, New Jersey, anamwangusha Daniel Bryan kwa teke la kuzunguka na kuwa bingwa wa WWE wa kwanza mzaliwa wa Afrika. Dakika zimebaki 16 kati ya 24, lakini walichokata ni kutoka katikati, na sherehe yote wameiacha. Wenzake wa kundi la New Day wanaingia ulingoni, mkanda wa kawaida wa ubingwa unatolewa, wanawe wanapanda. Bandani watu walisimama juu ya mabenchi.

Mafaili kamili yapo kwenye kompyuta yao, kwenye folda tofauti. Ukifika kabla ya saa moja na mkiwa watano au zaidi wa kuomba, jamaa wa mashine huacha mechi moja iende nzima. Ombeni ya Houston.